Filta ya dizeli ikiziba, ipasue kabla hujafungua pampu

Gari la dizeli likianza kukosa nguvu, hapa Dar hukumu huwa mbili: ama mafuta yamechakachuliwa, ama pampu imekufa. Pampu inafunguliwa, injekta (vinyunyizio vya mafuta kwenye injini) zinapelekwa kupimwa, hela inaondoka, na wiki mbili baadaye gari linarudia mchezo uleule. Wakati huo filta ya zamani, iliyokuwa na jibu lote tumboni, ilishatupwa. Mwambie fundi akupe hiyo filta mkononi. Kwa anayechanganya biodizeli (dizeli inayopikwa kutokana na mafuta ya mimea au ya kukaangia) hili ni la lazima kabisa, kwa sababu filta ndiyo ya kwanza kusema kama mchanganyiko una kasoro, na huwa inasema mapema.

Herufi B na namba huonyesha kiasi cha biodizeli: B5 ni asilimia 5, B20 ni asilimia 20. Ulaya dizeli ya kawaida inaruhusiwa kuwa nayo hadi asilimia 7, na Indonesia, nchi ya joto na mawese kama pwani na Kigoma yetu, imeingia B40 mwaka 2025. Kwa hiyo biodizeli iliyotengenezwa vizuri si sumu ya injini. Kinachoumiza magari ni biodizeli iliyopikwa nusunusu kutokana na mafuta ya kukaangia chipsi, maji, na tenki lenye uchafu wa miaka ishirini.

Tuanze na tenki. Biodizeli husafisha. Utando na lami iliyoganda ukutani mwa tenki la Hiace au Land Cruiser ya zamani inabanduka, inasafiri hadi kwenye filta na kuiziba ndani ya matenki mawili matatu ya kwanza. Hapo filta haijashindwa, imefanya kazi yake. Weka mpya, nyingine ibaki kwenye gari, na baada ya hapo hali hutulia. Ndiyo maana hupaswi kurukia B20 siku moja. Kwa tenki la lita 80, anza na lita 4 za biodizeli, kisha 8, kisha 16, kila hatua matenki mawili. Weka dizeli nusu tenki, mimina biodizeli, kisha jazia dizeli juu. Msukumo wa pampu ya sheli utakuchanganyia.

Maji ndiyo adui mkubwa wa Dar. Biodizeli hunyonya unyevu mara nyingi zaidi kuliko dizeli tupu. Mchana ikiwa ya moto maji yanayeyuka ndani yake, usiku ikipoa yanaachana nayo na kutua chini. Tenki lililo nusu tupu linaongeza jasho la hewa yetu ya bahari. Pale maji yanapokutana na mafuta vijidudu huzaliana, hutengeneza ute na tindikali, na chuma kinaanza kuoza. Laza gari likiwa na tenki zaidi ya nusu, na kila wiki fungua kizibo cha chini cha filta ukinga kwenye chupa ya plastiki angavu. Maji yatakaa chini, utayaona bila kuuliza mtu.

Sasa kuipasua filta. Kata ganda karibu na ukingo. Ukitumia msumeno wa chuma, usije ukadhani chenga za msumeno zimetoka kwenye pampu. Toa karatasi, ikunjue juani. Ute mweusi au wa kahawia wenye harufu ya uozo ni vijidudu. Vumbi jekundu ni kutu ya tenki. Lami nyeusi inayong'ang'ania vidole ni uchafu wa zamani uliobanduka, au mafuta yaliyochacha kwa kukaa muda mrefu. Ukikuta kitu kama jeli au sabuni laini, kata kipande cha karatasi ukitie kwenye maji ya moto: kikiyeyuka na maji yakatoa povu, hiyo ni gliserini (masalia ya upishi wa biodizeli) na sabuni, na lawama ni ya aliyepika biodizeli. Kikielea kama mafuta, ni nta.

Biodizeli ya mtu binafsi usiinunue bila vipimo viwili. Kwanza, mililita 3 za biodizeli ndani ya 27 za methanoli (spiriti ya viwandani), zikiwa zimepozwa hadi nyuzi 20 hivi. Kwenye joto letu la mchana kipimo hudanganya na kupitisha mafuta mabovu. Matone yakitua chini, kuna mafuta ya kula ambayo hayajageuka. (Methanoli hupofusha na kuua, isiguse mdomo wala isikae karibu na moto.) Pili, changanya nusu kwa nusu na maji, tikisa kwa nguvu, subiri nusu saa. Yakiachana safi, sawa. Yakibaki kama uji, kuna sabuni, mrudishie muuzaji.

Wakati wa kufunga filta mpya kwenye injini ya komoni reli (dizeli ya kisasa, ambayo bomba moja la presha kubwa hulisha injekta zote), usiijaze kwa dizeli ya kwenye dumu. Injekta hizo zina nafasi za mikroni chache tu, na mafuta unayomimina upande wa kutokea hayajachujwa na kitu. Paka oringi (mpira wa duara wa kuzibia) dizeli, kaza kwa mkono, kisha piga pampu ya mkono hadi iwe ngumu. Usilegeze kamwe mabomba ya presha injini ikiwa inaunguruma. Mchirizi wake hupenya ngozi.

Filta mpya ikiwekwa na gari bado linachoka mlimani lakini injini inaunguruma vizuri likiwa limesimama, acha pampu kwanza. Fungua kifuniko cha tenki: kikivuta hewa kwa mlio, tundu lake la kupumulia limeziba. Kisha lisha filta kwa mpira kutoka dumu safi la dizeli. Nguvu ikirudi, chujio la ndani ya tenki limeziba, na hapo tenki lishushwe lioshwe. Ukitumia dawa ya kuua vijidudu, toa maji kwanza, na andaa filta mbili, kwani vijidudu vilivyokufa navyo huziba.

Na wanaopandisha Njombe au Makete mwezi wa sita na wa saba: biodizeli ya mawese huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16 hivi. Pwani hutaona kitu, asubuhi ya huko gari linaweza kugoma kuwaka. Imalize njiani, na ujaze dizeli tupu kabla ya Makambako.