Dereva hakuja kwenye boksi

Leo siku ya sita na bado naisikia ile "Aa."

Nilishawaambia saba saba langu limekwisha, lile lori la kurushia roketi, mfano wa plastiki wa kuunganisha unaokuja vipande vipande kwenye boksi. Limekwisha kweli, liko juu ya kabati la vyombo, mbali na mikono ya kitinda mimba wangu, na mpaka Jumapili saa kumi jioni nilikuwa mtu na raha zangu. Ndipo Mjomba akaja.

Mjomba mnamjua. Baiskeli, baraghashia, miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba ya katani. Akapewa kahawa, akaulizia watoto mmoja mmoja, akainuka kwenda kuliangalia. Hakuligusa. Alivaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kioo cha mlango, akachungulia ndani.

"Usukani kushoto," akasema. "Hapo umepatia."

"Ndivyo lilivyo, Mjomba. La Kirusi."

"Najua la Kirusi. Dereva wake yuko wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Boksi halikuja na mtu. Na mimi najenga kilichomo tu."

"Aa."

Basi. Akarudi kukaa, akamaliza kahawa, akauliza nazi siku hizi shilingi ngapi.

Angeniuliza habari za mabomba ya kurushia roketi! Hayo nilikuwa nimejiandaa nayo. Mabomba 40, safu nne za kumi kumi. Roketi yenyewe ni milimita 122, sasa ukiigawa kwa 35, maana mfano huu ni mdogo mara 35 kuliko gari la kweli, bomba langu halifiki hata unene wa mrija wa juisi ya pakiti. Na kila moja limekuja na mshono huku na huku, ule ukingo unaobaki pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana kiwandani. Ukiuacha, rangi ikikauka unaonekana kama kovu. Kwa hiyo nilikwangua kwa wembe, nikapitisha msasa, nikageuza, nikakwangua tena. Mara 40. Bomba la 31 lilinikata kidole gumba. Kisha masika haya, nikapuliza rangi siku ya mvua kwa haraka zangu, unyevu ukaingia, boneti nzima ikafanya ukungu mweupe kama maembe ya jokofuni. Nikasubiri siku tatu jua litoke ndipo nikapuliza upya. Hakuna aliyeuliza.

Sheria yangu na nyinyi mnaijua: kilichomo ndani ya boksi ndicho hicho, siongezi wala sipunguzi. Niliiweka baada ya mfano wa ile Land Rover, ile niliyoiongezea turubai la kitambaa cha kufutia miwani, iliyonikalia miezi minane mezani na haikuisha mpaka leo. Sheria nzuri. Imenisaidia. Lakini sheria ni ya kujiambia mwenyewe usiku ukiwa na gundi mkononi. Haikuwa ya kumwambia Mjomba.

Maana Mjomba alikuwa dereva. Lori la shamba la mkonge, na mwishoni mwa 1978 vita vya Kagera vilipoanza na serikali ikachukua magari ya watu na ya mashirika, mabasi kwa malori, la kwao nalo likaenda, na yeye akaenda nalo. Mama alikuwa akisema aliondoka mimi sijazaliwa, akarudi akanikuta natambaa. Hakuwa askari. Hana nishani, na Siku ya Mashujaa hukaa kwake akasikiliza redio kama watu wengine. Mtu huyo ndiye niliyemwambia boksi halikuja na mtu.

Nimeigeuza ile "Aa" kila upande. Kuna Aa ya kuelewa. Kuna Aa ya kuchoka. Kuna ile ya kumwachia mtoto kesi yake. Jumatatu nilikuwa na hakika ni ya kuelewa. Kufika Jumatano, nikijaza karatasi za kontena, nikaandika jina la dereva kwenye nafasi ya mzigo. Wiki hii hii binti wa shangazi kaolewa Pangani, na ofisi imeambiwa ihame kabla ya mwezi kuisha, na mimi sikumbuki hata pilau ya harusi ilikuwaje.

Na hata ningetaka kumweka, angepita wapi? Kabini nimeshaifunga. Gundi hii si ya kubandika, ni ya kuyeyusha. Nyembamba kama spiriti, unagusa tu kwa brashi kwenye kiungo, inakimbia yenyewe ndani, plastiki mbili zinakuwa moja. Kwa kipimo hiki mtu mzima ana sentimita tano akisimama. Kuingia hapo labda nivunje paa.

Alhamisi usiku naosha vyombo, mikono kwenye povu, jibu likaja. Siku nne limechelewa, lakini likaja.

Jana nikitoka kazini nikapita kwake Makorora na mkate wa kumimina. Nimemkuta barazani.

"Shikamoo Mjomba. Yule dereva wako nimempata."

"Marahaba. Dereva gani?"

Alikuwa amesahau! Siku zote hizo mimi silali, mwenzangu kasahau.

"Wa saba saba."

"Enhe?"

"Ameshuka kunywa chai."

Akakata kipande cha mkate, akatafuna taratibu, akakimeza.

"Hendibreki kavuta?"

Sikuwa na la kusema. Mle ndani kuna vijiti vitatu pembeni ya kiti, nilivibandika kama mchoro ulivyoonyesha, na kipi ni gia na kipi ni breki mimi sikujishughulisha. Mjomba akacheka mpaka akavua miwani. Akasema dereva gani huyo, yeye alipokuwa vitani kwenye foleni ya kuelekea Kyaka, daraja la mto Kagera Amin keshalivunja na watu wanangoja la muda, hakuna aliyeacha gari lake hata kwenda msalani mbali. Walilala uvunguni, kichwa kwenye tairi. Yale makubwa ya roketi, akasema, ulikuwa unayanusa kabla hujayaona, yalikuwa ya petroli, na yalikunywa petroli kuliko harusi inavyokunywa soda. Kisha akauliza kama mkate nilitia iliki mwenyewe au nimenunua. Nimenunua. Akasema anajua.

Nimerudi nyumbani nacheka peke yangu ndani ya bajaji. Kabla ya kulala nikachukua tochi ya simu nikamulika kwenye kioo cha mlango kutafuta hendibreki. Haionekani, usukani umeiziba. Nikaliacha.

Tochi bado ikiwa mkononi nikaona niende nje kuitazama na mita ya maji, maana bili ya mwezi huu imekuja mara mbili ya ile ya mwezi uliopita na sisi ni walewale. Mabomba yote yamefungwa, watoto wamelala, tanki limejaa. Kile kigurudumu chekundu kinazunguka. Polepole, lakini kinazunguka. Nikaingia ndani nikafunga hata koki ya chooni, nikatoka tena.

Bado.