Vumbi la Dodoma kwenye Q400

Mwaka 2018 nilikuwa naishi Area D, ndege ikitua unaisikia ukiwa ndani maana uwanja wetu uko mjini kabisa. Kipindi hicho nilikuwa nimezama kwenye kuchora tekscha, yaani rangi na michoro ya juu ya bodi, za ndege za FSX, lile gemu la Microsoft la kurusha ndege la 2006, na kazi iliyokuwa mezani ni Q400 ya Air Tanzania, ile ndege ya mapangaboi mawili. Twiga wa mkiani tayari, namba ya usajili ya 5H, ile ya ndege za Tanzania, tayari, maandishi yamekaa sawa pande zote mbili, lakini nikiirusha naona ndege nyeupe pee kama haijawahi kuguswa na upepo, na mimi nilitaka iwe ndege inayotua Dodoma, mwezi wa tisa.

Jioni moja nikabeba kauntabuku na penseli za rangi za mdogo wangu, nikasimama nje ya fensi. Mlinzi akanifuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaandika nini hapo kijana?"

Nikamfungulia daftari, nikamweleza, akasema sawa, picha usipige, wewe chora tu.

Q400 ile miguu mikubwa inashuka kutoka kwenye injini zenyewe, kwa hiyo upepo wote wa mapangaboi unapita hapohapo, na vumbi letu jekundu lilikuwa limejaa kwenye milango ya magurudumu, zito chini halafu linafifia kwenda nyuma, na nyuma ya bomba la moshi kuna weusi mrefu kama masizi ya jikoni. Nilichora mpaka giza likaingia.

Usiku nikafungua GIMP, programu ya kuchorea picha, nikaweka vumbi kwenye leya (tabaka) yake peke yake, hafifu sana, maana ukizidisha tu inakuwa ndege ya matope. Halafu nikaingia kwenye chaneli ya alfa, ile sehemu ya picha inayoamua bati ling'ae kiasi gani, nikapunguza mng'ao sehemu zilezile, kwa sababu bati lenye vumbi haling'ai, na hapo ndipo wengi wanapopaacha. Nikahifadhi kama DDS, aina ya faili la picha ambalo gemu linalisoma, nikairusha. Jamani, ilikuwa yenyewe!

Nikarudi kwa yule mzee na picha kwenye simu. Akaivuta kwa vidole mpaka kwenye tairi, akamwita mwenzake, "Njoo uone, huyu kijana amepaka mpaka vumbi letu." Mwenzake akauliza kama naweza kufanya na kile kindege kidogo, Cessna Caravan, nacho kilikuwa kimepaki palepale. Nikafungua ukurasa mpya nikaanza na mkia.