Siku moja maishani mwangu: kazi ya kutembea na mpaka usioonekana

Watu wakiniona na kishikwambi mkononi na kitambulisho shingoni huniita mtu wa ardhi, mtu wa mikopo, au mtu wa sensa. La mwisho ndilo lililo karibu na ukweli. Kazi yangu ni kuhakiki mipaka ya maeneo ya kuhesabia watu, vile vipande vidogo ambavyo nchi nzima hukatwa ili kila kaya ihesabiwe mara moja tu, isirukwe wala isirudiwe. Ni kazi ya mkataba wa miezi michache, hapahapa kwetu Tanga. Naandika kwa sababu hata mama yangu mzazi hajui hasa ninachokifanya nikitoka asubuhi, na kwa sababu Jumatano iliyopita ilinichosha kuliko siku zote za mkataba huu.

Saa 11 alfajiri. Naamka Makorora, naswali, natazama chaji. Kishikwambi kimejaa, betri ya akiba nusu. Chai ya tangawizi, mbaazi za jana, mandazi mawili.

Saa 1 asubuhi. Nashuka kwenye daladala Pongwe. Timu yangu ni wadadisi wawili, dada mmoja na kaka mmoja, na mimi msimamizi wao. Tunaripoti kwa mtendaji, tunasaini kitabu cha wageni, tunakabidhiwa mama mjumbe wa kutuongoza. Bila mjumbe hupigi hodi nyumba ya mtu, hata uwe na barua ya nani.

Saa 2 hadi saa 4. Maeneo mawili tunayamaliza bila tatizo. La kwanza limepakana na reli, la pili na barabara ya vumbi, na vyote viwili viko palepale ramani inapovionyesha.

Kanuni zenyewe si ngumu kuzieleza. Eneo la kuhesabia halivuki mpaka wa mtaa, wala wa kata, wala wa wilaya. Mpaka wake ufuate kitu ambacho karani mgeni atakiona kwa macho yake: barabara, reli, mto, korongo, ukingo wa shamba. Ukubwa wake uwe ule ambao karani mmoja anaumudu kwa siku alizopewa. Na nyumba haikatwi katikati. Mpaka ukigonga nyumba, mpaka ndio unaopinda.

Saa 4 na dakika 20. Eneo la tatu.

Kwenye ramani, mpaka wake unaanzia relini, unapanda na safu ya mkonge hadi kwenye mwembe mkubwa, kisha unakata kulia. Tulipofika, mkonge haukuwepo. Shamba limeng'olewa, viwanja vimeuzwa, nyumba zimesimama. Mwembe tuliupata: kisiki kilichokatwa usawa wa goti, juu yake mtu ameanika dagaa kwenye kipande cha chandarua. Nikasimama pale na kishikwambi, nukta ya buluu inaonyesha nilipo, mstari mwekundu wa mpaka unapita mbele yangu, na mbele yangu ni ukuta wa nyumba ya matofali. Mstari umeingia chumbani kwa mtu.

Mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki uani, mzee wa miaka sabini na kitu, miwani imefungwa uzi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mnapima nini kwangu?"

"Hatupimi babu. Tunahakiki mipaka ya maeneo ya kuhesabia watu."

"Mpaka. Kwenye ukuta wangu. Halafu unaniambia hampimi."

Akanyanyuka, akabeba kiti chake, akakiweka katikati ya kichochoro tulichotakiwa kupita, akaketi. Mama mjumbe akajaribu kumweleza. Hakumtazama. Akanyoosha mkono: "Barua."

Nikampa. Akaisoma yote, mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Kisha akaweka kidole mahali pamoja na kunirudishia. Barua ilitaja kata, ikataja na mitaa tutakayopita, lakini mtaa wake haukuwemo. Waliochapa waliuruka. Mzee alikuwa na haki kabisa, na mimi nilikuwa nimeibeba barua ile siku tatu bila kuliona hilo. Nilijisikia vibaya.

Nikapiga simu ofisini. Haikupokelewa. Nikapiga tena, ikakatwa. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mazikoni, na hakuna anayempigia simu mtu aliyeko makaburini. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

Tuliketi kwenye kivuli cha mpapai, kivuli kisichotosha watu wawili, sisi wanne. Jua la Pongwe saa 5 halina huruma. Chaji ilishuka kutoka 71 hadi 60, hadi 52. Kaka mdadisi akaanza kunung'unika chinichini, nami namwelewa: tunalipwa kwa siku, lakini tunadaiwa kwa eneo. Jioni ofisi haiulizi mlikaa juani muda gani, inauliza mmemaliza maeneo mangapi.

Ilikuwa karibu saa 6 mzee alipoanza kusema, bila kuulizwa. Alikuwa na nyumba nyingine zamani, kando ya barabara kuu. Siku moja wakaja vijana na makaratasi, wakamwuliza jina, wakahesabu vyumba, wakashukuru, wakaondoka. Wiki ya tatu akakuta alama ya X nyekundu kwenye ukuta wake.

"Nao walikuwa na adabu kama wewe," akasema.

Nilikosa neno. Ningekuwa mimi, nami kiti ningekiweka palepale.

Akamwagiza mjukuu wake atuletee maji. Tukanywa. Ndipo akaanza kuniuliza, safari hii kama mtu anayetaka kujua.

"Nikiwa upande ule wa mstari wako, hati yangu inabadilika?"

"Haibadiliki babu."

"Kura?"

"Unapiga palepale."

"Zahanati?"

"Ileile."

"Sasa mstari wa nini?"

Swali hilo naulizwa kila wiki, na jibu nililozoea kulitoa, kwamba ni kwa ajili ya mipango ya maendeleo, nililiona ni dogo mno kwa mtu aliyenikalisha juani kwa sababu ya ukuta wake. Nikamwuliza kwao ni wapi. Akasema Maramba.

"Maramba ni wilaya gani?"

"Nilipozaliwa Muheza. Sasa wanasema Mkinga. Wala sikuhama."

Hapo nikapata pa kushikia. Nikamwambia: mtu akiwa mbali huko, hajui Maramba wala Muheza, akifungua jedwali la sensa ataona Wilaya ya Muheza mwaka 2002 ilikuwa na watu 279,423. Akifungua la 2012 ataona 204,461. Atasema watu elfu sabini na tano wametoweka, tena atatafuta sababu: njaa, maradhi, wamekimbilia mjini. Kumbe kilichotokea ni kwamba Mkinga imekatwa kutoka Muheza, nayo peke yake ilihesabiwa watu 118,065. Zijumlishe, unapata 322,526. Watu walikuwa wameongezeka. Bila kujua mpaka ulipita wapi, kijiji kwa kijiji, huwezi kuzijumlisha sawasawa, na utapeleka dawa na walimu kwa hesabu ya uongo.

Mzee akakaa kimya. Kisha: "Kwa hiyo mimi nilitoweka Muheza."

"Kwenye karatasi, babu."

Wasomaji, naomba niseme hapa jambo ambalo sikumweleza mzee, maana ndilo linalonifanya niipende kazi hii. Chuoni mwalimu wetu alitufundisha kwa mfano wa Slovenia, nchi ndogo ya Ulaya iliyopakana na Italia, Austria, Hungaria na Kroatia. Eneo lake ni dogo kuliko Mkoa wa Tanga, na watu wake ni kama milioni 2.1, wakati mkoa wetu mwaka 2022 tulihesabiwa 2,615,597. Nchi hiyo imegawanywa mikoa 12 ya takwimu. Mikoa hiyo haina mkuu wa mkoa, haina baraza, haina jengo lenye bendera. Uongozi uko kwenye manispaa, mikoa ni ya kuhesabia tu. Juu yake wameikusanya hiyo 12 ikawa kanda mbili, Mashariki na Magharibi. Mji mkuu, Ljubljana, uko Magharibi. Ukiiweka nchi nzima kwenye kapu moja, kipato cha Ljubljana kinaupandisha wastani, na mtu wa Mashariki anaonekana ana nafuu asiyokuwa nayo. Umoja wa Ulaya hutoa fungu kubwa zaidi kwa kanda ambazo pato lake kwa kila mtu liko chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja mzima, kwa hiyo mstari huo una uzito wa fedha.

Siku ile darasani nilifikiria kwetu. Kwenye tafiti kubwa za afya za kitaifa, Bara hugawanywa kanda nane, Zanzibar ikawa ya tisa. Tanga imewekwa Kanda ya Kaskazini pamoja na Kilimanjaro na Arusha. Mvuvi wa Chongoleani na mfugaji wa Longido wanaingia kwenye wastani mmoja. Nasema wazi kwamba jambo hili halinipendezi. Kanda ina sababu zake, maana sampuli ndogo haiwezi kusema kwa uhakika juu ya kila wilaya, lakini wilaya ya Kilindi huku Tanga ikifichwa nyuma ya Moshi mjini, anayeumia ni wa Kilindi. Wadadisi wangu nawaambia kila siku: ukikuta namba ya kanda, iteremshe hadi mkoa, ikiwezekana, iteremshe hadi wilaya. Na haiteremki bila vipande hivi vidogo kuchorwa vizuri huku chini. Ndiyo maana kisiki cha mwembe ni kazi yangu.

Mwenyekiti alifika saa 7 kasoro, kanzu ina udongo wa makaburini kwenye pindo. Tukampa pole ya msiba. Akaisoma barua, akaandika jina la mtaa kwa mkono chini yake, akasaini, akapiga mhuri. Mzee akautazama wino hadi ukakauka, kisha akanyanyuka na kiti chake.

Nilidhani ataingia ndani. Akachukua bakora, akatangulia mbele yetu.

"Mkonge wenu ulipita hapa," akasema. "Na hapa. Na pale nyuma ya choo cha jirani."

Tukaenda nyuma ya choo cha jirani, tukakuta mashina saba ya mkonge ambayo hakuna aliyehangaika kuyang'oa, yamesimama mstari ulionyooka kama uzi, yanaelekea kisikini. Picha ya satelaiti haikuyaonyesha, kivuli cha miembe kimeyafunika. Mzee yule alijua mpaka kuliko kishikwambi changu. Nikachukua nukta kila shina, kisha nikaupinda mpaka kuizunguka nyumba yake, jiko, chumba na banda la kuku, vyote upande mmoja.

Kuanzia hapo saa sikuziangalia tena. Tulikula wali maharage kwa mama ntilie jua likiwa limeshapinda. Kulikuwa na kaya ambazo milango imefungwa, kulikuwa na mbwa, kulikuwa na kijana aliyetaka tumsajili kwenye kazi. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anachambua mchicha barazani. Hakufoka. Alisema tu: "2022 mlikuja, mkaniuliza mpaka choo changu cha namna gani. Nikawaambia. Choo ni kilekile." Nikasimama mbele yake nimeshika kishikwambi. Dodoso la kuhakiki mpaka halina mahali pa kuandika hayo. Nikayaandika kwenye daftari langu, na namba ya kibao cha nyumba yake, ingawa sijui nitampa nani.

Eneo la tatu tukalimaliza magharibi. La nne hatukuligusa. Wadadisi nikawaambia waende, wana watoto.

Nyumbani sikuweza kuvua viatu hadi nilipokaa kama robo saa. Mtandao wa Makorora ukawa unakuja na kukatika. Data zilipanda mara ya tatu, baada ya isha, chaji imebaki asilimia 6. Ujumbe wa ofisi ukaingia papo hapo: mbona matatu badala ya manne? Nikawajibu kwa sentensi mbili, nikaambatanisha picha ya barua yenye mwandiko wa mwenyekiti.

Kisha nikaufungua mchoro mara ya mwisho kuangalia zile nukta saba. Mstari umenyooka vizuri, halafu unapinda taratibu kwenye nyumba ya mzee na kurudi njiani.

Kesho tunaanzia Kirare. Ramani inasema mpaka unafuata kijito, na mjumbe wa huko ameshaniambia kwa simu kwamba kijito kimelimwa mpunga.