Stauti ya Kifalme na Joto la Malindi

Ukiketi kunywa bia hapa Malindi, kabla hujaulizwa ni bia gani utaulizwa kama unaitaka baridi au ya moto, na wengi wetu hujibu baridi bila kuwaza, hasa majira haya ya kaskazi ambapo jasho halikauki hata usiku. Kwa Tusker, yenye kileo cha asilimia 4.2, jibu hilo halina kasoro. Lakini jana jioni nilifungua bia ya namna nyingine kabisa, na tangu hapo nimeamini kwamba hili joto letu, tunalolikimbia kila siku kwa barafu na feni, lina kazi yake mezani.

Bia yenyewe ni Black Albert, stauti, yaani bia nyeusi nzito, ya kampuni ya De Struise Brouwers ya Oostvleteren, magharibi mwa Ubelgiji, iliyopewa jina kwa heshima ya Mfalme Albert wa Pili, ambaye aling'atuka mwaka 2013. Shemeji yangu anayefanya kazi Ghent alituletea chupa mbili alipokuja likizo. Kileo chake ni asilimia 13, kiwango cha divai, na chupa ni ndogo, ya mililita 330. Sikuona sababu ya kuinywa peke yangu. Nilimwita mjomba wangu, ambaye amekuwa mgema tangu ujana wake na ambaye pua yake naiamini kuliko yangu, akaja na korosho za kukaanga zilizofungwa kwenye gazeti.

Stauti kali za aina hii, zinazoitwa stauti za kifalme, hazikuanzia Ubelgiji. Zilianzia London katika karne ya 18, ambako viwanda vya bia nyeusi, maarufu zaidi kikiwa kile cha Thrale huko Southwark, vilipika bia kali zaidi ya kawaida kwa ajili ya kuisafirisha kwa meli hadi nchi za Baltiki na Urusi. Mchoraji Joseph Farington aliandika katika shajara yake mwaka 1796 kwamba alikunywa bia ya Thrale, akaambiwa kuwa imepikwa mahususi kwa ajili ya malkia mtawala wa Urusi na kwamba ingeweza kukaa miaka saba bila kuharibika. Mtawala huyo alikuwa Catherine wa Pili. Weusi tunaoujua leo ulikuja baadaye kidogo, baada ya Daniel Wheeler kupata hataza mwaka 1817 ya pipa la chuma la kukaangia kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kwa moto mkali bila kukiunguza kuwa majivu, na tangu hapo kiasi kidogo tu cha shayiri iliyokaangwa hivyo kikatosha kulitia weusi pipa zima la bia.

Wabelgiji walichoongeza ni hamira yao, na kwangu mimi hapo ndipo utamu wa habari ulipo. Hamira ya Kiingereza kwa kawaida hufanya kazi yake na kukiachia kimea nafasi ya kusikika. Hamira ya Kibelgiji haikubali kukaa nyuma, kwa sababu inapochachua hutoa harufu zake yenyewe za ndizi mbivu, karafuu na pilipili manga, na huzitoa zaidi ikiachwa ichachue katika joto la juu kuliko wapishi wengine wa bia wanavyothubutu. Aidha, wapishi wengi wa huko hutia sukari nyeusi iliyochemshwa, ambayo hugeuka kileo karibu yote, hivyo bia hupata nguvu bila kuwa nzito mno kooni.

Niliitoa chupa kwenye friji, nikafungua kizibo, nikaimimina katika bilauri mbili zenye tumbo pana. Ilishuka polepole kama asali, bila kuonyesha mwanga hata nilipoinua bilauri mbele ya taa, na povu lake lilikuwa la rangi ya kahawia iliyokoza, zito, likang'ang'ania kingo za kioo. Funda la kwanza, likiwa bado baridi, lilinipa uchungu wa kahawa tungu na ukali wa shayiri iliyoungua, basi. Ingekuwa ni hilo tu, ningesema ni bia nzuri na mambo yakaishia hapo.

Tuliziacha bilauri mezani tukazungumza habari za nyumbani. Baada ya kama robo saa, upepo wa barazani ukiwa umeshaiondolea ubaridi, mjomba aliinua yake, akainusa muda mrefu bila kunywa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani ametia karafuu humu?"

Nilimjibu, "Hakuna aliyetia, mjomba. Hiyo ni kazi ya hamira."

Hakushangaa hata kidogo. Alisema kwamba yeye hukata ncha ya karara la mnazi, hukinga kibuyu, na hakuna mtu anayetia hamira humo. Tembo la asubuhi huwa tamu, jioni huwa kali, na likilala zaidi hugeuka siki, na ujuzi wa mgema ni kujua saa ya kulinywa. "Hawa wenzangu wa Ulaya," akasema, "wameijua saa yao."

Nilikunywa tena nikaelewa alichokuwa amekinusa. Uchungu ulikuwa umerudi nyuma, na mbele yake zilikuja tende, zabibu kavu na chokoleti nyeusi, halafu karafuu, na mwisho ukavu wa pilipili manga uliobaki kwenye ulimi muda mrefu baada ya kumeza. Kileo kilipasha kifua joto bila kuchoma koo. Korosho zilifaa kupita kiasi: chumvi yake iliupunguza uchungu, na mafuta yake yakaufanya ule utamu wa tende uonekane wazi. Nilijaribu pia kipande cha halua iliyokuwa ndani, lakini sukari yake iliifanya bia ionekane chungu na nyembamba, na sitavichanganya tena.

Baridi kali huzifungia harufu zote hizi ndani ya bia. Ulimi nao ukigandishwa huhisi uchungu tu na gesi. Bia hii inapendeza kwenye nyuzijoto 12 hadi 14, na hapa kwetu hatuna haja ya kuisaidia kufika huko, kwani inatosha kuitoa na kuingoja.

Imebaki chupa ya pili, nami nilikuwa na hamu ya kuitunza kwa miaka, kwa kuwa stauti za aina hii hukomaa vizuri zikihifadhiwa. Ile miaka saba aliyosimuliwa Farington, hata hivyo, ni ya nchi baridi. Nyumba yangu mwezi wa Februari haishuki chini ya nyuzijoto 27 hata alfajiri, na katika joto hilo hewa kidogo iliyobaki chupani huiharibu bia haraka na kuipa ladha ya karatasi iliyolowa. Friji nayo hufuata umeme, na umeme wetu hukatika. Kwa hiyo nimeisimamisha wima kwenye rafu ya chini ili mashapo yatulie, na mjomba ameshachagua Agosti, kusi ikiwa bado inavuma. Korosho ataleta yeye.