Mtoto wa Kabla ya Wakati Kifuani: Leso Ikae Wapi

Jua la Kisumu huwapotosha wengi. Nyanya akimwona mjukuu wa kilo moja na nusu amevikwa kofia na soksi saa nane mchana, anadhani mtoto anateswa. Lakini aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na mwili wake unatakiwa ukae kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kumlaza peke yake ndani ya blanketi tatu hakusaidii sana: blanketi halitoi joto, linazuia tu lile alilo nalo, na analo kidogo. Joto lenyewe litoke kwa mzazi.

Huduma ya kangaruu, yaani kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, wakati daktari Edgar Rey alipokuwa na watoto wengi kuliko inkubeta, mashine za kuwatunzia joto. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linataka ianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa mtoto hawezi kupumua mwenyewe, yuko katika mshtuko (damu haizunguki vya kutosha mwilini) au anahitaji mashine ya kumpumulia. Nusu saa ya kumbeba wakati wa kutembelewa haitoshi.

Kumfunga ndiko kunakoharibika zaidi. Mtoto awe na nepi, kofia na soksi tu. Msimamishe katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama ya chura, mikono imekunjwa pia. Geuza kichwa upande mmoja, kidevu kimeinuka kidogo. Leso ipite mgongoni mwake, ukingo wa juu ufike chini ya sikio, na sehemu inayokaza iwe juu ya kifua chake. Tumbo liachiwe nafasi, kwa sababu watoto hawa hupumulia tumbo. Leso ikilegea, mtoto huteleza, kidevu kinagusa kifua na njia ya hewa inaziba bila yeye kulia. Ndiyo maana jaribio ni moja: simama, tembea, kisha chungulia uso wake. Ukilala, jiinue kwa mito. Usilale chali kabisa.

Baba naye ana kifua. Mama akienda kuoga au kula, mtoto ahamie kwa baba badala ya kurudi kitandani. Aibu ya kuvua shati wodini huisha haraka.

Kumgusa kuna namna yake. Kupapasapapasa huwachosha, weka kiganja kizima, kimoja kichwani na kingine miguuni, kitulie. Akitanua vidole, akipata kwikwi, au akigeuza uso, amechoka. Nyamaza, mwache apumzike.

Kukamua maziwa kuanze mapema, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, kisha angalau mara 8 kwa saa 24. Anayeacha kukamua usiku ndiye hulalamika baada ya wiki kwamba maziwa yamekatika. Matone ya kwanza ya manjano ni machache na hayo ndiyo hasa yanayotakiwa. Akilishwa kwa kikombe, awe ameketi nusu, kikombe kiguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe. Ukimimina, maziwa huenda mapafuni.

Nyumbani, jiko la makaa lisiwe katika chumba anacholala, na mwenye mafua asimbebe, hata akiwa shangazi aliyetoka Busia na zawadi. Hesabu ya kukua nayo ibadilike: mimba kamili ni wiki 40, kwa hiyo aliyezaliwa wiki 32 amewahi kwa wiki 8, basi akiwa na miezi sita mtarajie afanye ya mtoto wa miezi minne.

Wengi huacha kangaruu wakikaribia kilo 2.5, mtoto mwenyewe huanza kujipindapinda na kukataa. Kabla ya hapo, akikataa kunyonya, akiwa baridi hata baada ya saa moja kifuani, akipumua huku mbavu zikiingia ndani, akipata degedege, macho yakiwa ya manjano au akisita kupumua, nenda hospitali hiyo hiyo saa. Akisita kupumua, msugue mgongo. Safarini abaki amefungwa kifuani, si kwenye shali mikononi.