Saa mbili na mgeni, sasa anataka kuacha kazi

Leo mchana rafiki yangu kanipigia, sauti inatetemeka. Treni ilichelewa, akakaa saa mbili na mtu asiyemjua, wakacheka, wakaagana. Sasa anataka kuacha kazi na kuvunja uchumba.

Jamani, subirini kwanza.

Moyo ukienda mbio, akili hutafuta sababu, na aliye karibu ndiye hubambikiwa. Mwaka 1974 wanasaikolojia Dutton na Aron walilipima hili Kanada, kwenye daraja refu la Capilano linaloning'inia juu ya bonde. Dada mmoja aliwahoji wanaume hapo, akawaachia namba yake. Kati ya 18 walioichukua, 9 walimpigia. Kwenye daraja imara, lisilotisha, 2 kati ya 16.

Uchovu wa safari na kujua hamtaonana tena navyo huweza kuyumbisha.

Nilimwambia achukue karatasi leo leo, kabla kumbukumbu haijajipamba.

Upande mmoja: yaliyo ya yule mtu. Macho, sauti, kicheko.
Upande wa pili: wewe ulikuwaje. Ulisikilizwa? Ulitaja ndoto uliyoizika?

Huo wa pili ndio wenye kazi. Chagua jambo moja humo, lifanye wiki hii, kazi ikiwa ileile na mchumba yuleyule. Barua ya kuacha kazi ilale wiki mbili. (Na usimsake mitandaoni, picha zitakutungia mtu asiyekuwepo.)

Kanitumia karatasi yake jioni hii. Upande wa pili, mstari wa kwanza: "Niliulizwa ninataka nini."

Mchumba hajawahi kumuuliza. Wala yeye hajawahi kumwambia.

Mliokutwa na haya, nyie mngeandika nini?