Nilivyojifunza kutunga shanga nikiwa na mguu wa plasta

Mwezi wa pili nilianguka na pikipiki kwenye barabara ya Njoro, mguu ukavunjika chini ya goti. Daktari akasema wiki nane. Chumba changu hapa Free Area, Nakuru, kina dirisha moja linalotazama uwanja wa ploti, na nje ya dirisha hilo kila siku, jua likishapanda, jirani yangu hutandika blanketi na kutunga shanga. Ni mama wa makamo kutoka upande wa Narok. Wiki ya kwanza nilimtazama tu. Wiki ya pili nikajikokota na magongo mpaka pale. "Mama, naweza kukaa nijaribu?" Akanisogezea blanketi. "Karibu, mwanangu. Lakini utaanza kwa kuchambua."

Siku tatu nilichambua shanga kama watu wanavyochambua mchele. Nilidhani ananipima subira, kumbe hiyo ndiyo nusu ya kazi. Ndani ya paketi moja kuna nene, kuna nyembamba, kuna zilizopasuka kwenye tundu. Nene ikiingia kwenye mstari hukunja kazi nzima. Iliyopasuka ina makali, na itakata uzi miezi miwili baadaye, ikiwa mkononi mwa mtu aliyekulipa. Blanketi nalo lina maana yake: ukizimwaga kwenye meza au sahani zinatoroka, lakini kwenye manyoya ya blanketi zinatulia na unazichota kwa ncha ya sindano bila kuzishika.

Alinifundisha pia kununua. Shanga hupangwa kwa namba, na namba ikiwa kubwa ushanga ni mdogo: namba 11 ina upana wa milimita mbili hivi, namba 8 inakaribia tatu. Gramu kumi za namba 11 ni shanga elfu moja na ushei. Nzuri, nyingi zikitoka Jamhuri ya Cheki, hulingana ukubwa, ingawa kuchambua kuko palepale. Zile za bei rahisi nyingine zimepakwa rangi juu tu. Loweka chache usiku kucha kwenye maji ya sabuni kisha zisugue kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi, jasho la mtu litafanya vivyo hivyo.

Usiku mguu ulikuwa unaniuma na usingizi hauji, nikawa nasoma kwenye simu. Ndipo nilipojua kwamba katika pango la Enkapune Ya Muto, magharibi ya Ziwa Naivasha, wanaakiolojia walichimbua shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa takriban miaka 40,000. Kila moja ilitobolewa kwa mkono. Mimi zangu zilikuja na matundu tayari, sikuwa na sababu ya kulalamika.

Nilitaka kutengeneza bangili ya bendera, ile pana ambayo vijana wengi huvaa. Mama kazi yake ni ya waya na ngozi, mikufu ya shingoni, kwa hiyo fremu niliiunda mwenyewe: ubao wa sentimita 40, vitana viwili vya plastiki nikavibana kwa misumari huku na huku, meno yakitenganisha nyuzi. Hesabu ni hii. Nyeusi tatu, nyeupe moja, nyekundu tatu, nyeupe moja, kijani tatu: jumla 11. Nyuzi za mtande, zile zinazovutwa kwa urefu wa fremu, lazima ziwe moja zaidi, yaani 12, ili kila ushanga ukae katikati ya nyuzi mbili. Kwa mkono wangu ilihitaji mistari 80, shanga 880.

Unatunga 11 kwenye sindano, unazipitisha chini ya mtande, unazisukuma kwa kidole cha mkono wa pili mpaka kila moja ichomoze kwenye nafasi yake, kisha unarudisha sindano ndani ya zilezile, safari hii juu ya nyuzi. Sindano ikipita chini wakati wa kurudi, shanga zinabaki zinaning'inia. Ikichoma uzi wa mtande, hutaweza tena kusogeza mstari.

Hayo niliyashika kwa siku mbili. Kilichonitesa ni kuvuta. Nilikuwa nakaza kila mstari kwa nguvu zangu zote nikiamini ndio uimara, na nilipofika mstari wa 40 bangili ilikuwa na kiuno cha nyigu katikati. Mama aliichukua, akaipitisha kwenye vidole, akanirudishia. "Unavuta kama mtu anayefunga ng'ombe. Vuta mpaka uzi uguse ushanga, halafu acha." Nikafumua yote. Siku iliyofuata alinishika kiganja nikiwa navuta, akanizuia pale pale panapotosha. Hilo sikuweza kulisoma popote. Mkono ulilijua kabla mimi sijaweza kulieleza, na tangu siku hiyo kingo zangu zimenyooka.

Uzi mrefu unajifunga mafundo, kwa hiyo mimi hukata pima moja tu na kuupaka nta ya mshumaa. Ukiisha sifungi fundo katikati ya kazi: naacha mkia wa shubiri moja, naurudisha ndani ya mistari mitatu minne iliyopita, ndipo nakata. Mwishoni nyuzi za mtande nazifunga mbili mbili, tone la gundi, kisha nazificha chini ya kipande cha ngozi ninachokishonea kifungo.

Plasta ilitolewa mwezi wa nne. Bangili ya kwanza iliyonyooka nilimpa Mama, naye akaivaa mkono uleule wenye zake za waya. Nimerudi barabarani, lakini jioni fremu iko magotini. Wenzangu wa stejini wameagiza sita. Nne zimekwisha, ya tano iko mstari wa 31.